Nyachae, Maalim Seif na Wapiga Kura Wao

Februari 2021 iliwachukua wanasiasa wawili waliofanana kwa mengi. Simeon Nyachae wa Kisii alifariki tarehe 1, na Maalim Seif Sharif Hamad, mzaliwa wa Mtambwe, Pemba, akafuata tarehe 17. Katika miaka ya 1980 wote walikuwa vigogo serikalini: Nyachae akiongoza utumishi wa umma chini ya Rais Moi, Seif akiwa Waziri Kiongozi wa Zanzibar. Wote walikosana na chama tawala, wakaingia upinzani na kugombea urais. Walichotofautiana ni namna walivyofuatwa na watu wa kwao.

Nyachae alijiuzulu uwaziri mwaka 1999 baada ya kuondolewa Wizara ya Fedha. Mwaka 2002 aliwania urais kwa tiketi ya Ford-People, akawa wa tatu. Chama kilipata viti 14 vya ubunge, vingi vikitoka Gusii, eneo la kwao. Mwaka 2004 Rais Kibaki akamwingiza kwenye Baraza la Mawaziri. Ulipofika uchaguzi wa 2007, watu wa jimbo lake la Nyaribari Chache, wale wale waliomwinua, walimnyima kura na kumpa ubunge Robert Monda. Leo Ford-People ni historia.

Seif alifukuzwa chama tawala cha CCM mwaka 1988, na miaka minne baadaye akawa miongoni mwa waasisi wa chama cha upinzani cha CUF. Mwaka 1995 CUF ilizoa viti vyote 21 vya Pemba. Mgogoro wake na Ibrahim Lipumba ulipomalizwa mahakamani Machi 2019 kwa Lipumba kutambuliwa kuwa mwenyekiti wa CUF, Seif alihamia chama cha ACT-Wazalendo. Wito ulikuwa mmoja: shusha tanga, pandisha tanga, safari iendelee. Ofisi zilizokuwa na rangi za CUF zikapakwa zambarau ya ACT, na wanachama wakahama kwa mafungu.

Sheria ina mkono katika tofauti hii. Tanzania haina mgombea huru, kwa hiyo anayetaka kugombea lazima awe na chama. Kenya imemruhusu tangu Katiba ya 2010. Historia nayo ina sehemu yake. Siasa za Pemba zimesukwa na kumbukumbu za uchaguzi wa kabla ya Mapinduzi ya 1964 na machungu yaliyofuata, hivyo kura huko huwa kauli ya kisiwa kizima mbele ya Unguja na Dodoma. Gusii, mashindano makali yako ndani. Tazama tu majina ya majimbo: Kitutu, Nyaribari, Bomachoge, Bobasi, Bonchari, Mugirango. Ni majina ya koo. Mgombea anayekosa tiketi kwenye kura za mchujo hatafuti itikadi mpya. Anatafuta chama chochote kitakachompa cheti, na ukoo wake unajua hivyo.

Ndiyo maana kura ya Agosti 2022 katika Nyamira, kaunti ya Gusii, haikuwa fumbo kwa wenyeji. Kwa karatasi sita za kura mkononi, wapiga kura walimpa Raila Odinga kura nyingi za urais na kumchagua Okong'o Omogeni wa ODM kuwa seneta, lakini ugavana wakamwachia Amos Nyaribo wa UPA. Majimbo manne ya kaunti yakagawanyika: mawili ODM, moja UDA, moja Jubilee. Pemba ya 1995 isingewaza kupiga kura hivyo.

Umoja wa Pemba uliilazimisha CCM kuketi mezani hadi Serikali ya Umoja wa Kitaifa ya Zanzibar ikazaliwa mwaka 2010. Gusii, yenye kura zilizotawanyika, haijawahi kuibana serikali kiasi hicho. Hata hivyo, umoja ule wa Pemba ulimwegemea mtu mmoja mno: uamuzi wake ndio uliokuwa uamuzi wa wote. Gusii ilimwonyesha Nyachae mlango akiwa bado waziri, na hiyo ni haki ambayo demokrasia changa haipaswi kuibeza.

Udhaifu wa Gusii uko kwingine. Wapiga kura wanajua kuadhibu mtu, ila hawajajenga chama kitakachobaki mtu huyo akiondoka. Uchaguzi wa 2027 ukikaribia, wagombea watahama tena kwa makundi. Msiwaulize wameingia chama gani. Waulizeni ni wanachama gani waliokaa nao wakaamua kuhama, na kama hawana jibu, wanyimeni kura.