Fidia ya Shingo: Kutoka Barua ya Amru bin Hazm Hadi Barabara ya Musoma

 

Anayesafiri kutoka Bunda kwenda Musoma hupita kwenye barabara ambayo watu wa Mara wanaijua kwa kheri zake na kwa misiba yake. Mwezi Septemba 2014 mabasi mawili ya abiria yaligongana katika wilaya ya Butiama, wakafariki watu zaidi ya 30. Msiba wa namna ile huandikwa na kukumbukwa. Usioandikwa ni ule wa abiria ambaye Hiace aliyopanda imegongwa kwa nyuma, akashuka kwa miguu yake, akajipangusa vumbi na kusema Alhamdulillah, sikuumia. Dereva aliyewagonga anampa pesa kidogo ya dawa, wanaandikishana mbele ya watu wawili watatu kwamba yamekwisha, kila mmoja anashika njia yake. Wiki tatu baadaye shingo haigeuki, maumivu yanashuka begani, vidole vinakufa ganzi na mkono haushiki jembe.

Waganga wanalijua jambo hili. Shingo ina pingili 7, na baina ya nyingi kati yake kuna diski, yaani vibao laini vinavyozuia mifupa kusagana. Kichwa kikirushwa mbele na nyuma kwa ghafla, diski huweza kuchanika au kuchomoza na kuubana mshipa wa fahamu uendao mkononi. Eksirei huonyesha mfupa, haionyeshi diski yenyewe. Hiyo hutaka kipimo cha MRI. Nje ya ngozi hakuna jeraha wala damu.

Mtu huyu akimwendea imamu wake atauliza mambo mawili. Je, Sharia inayatambua maumivu yasiyoonekana kuwa ni jeraha la kulipwa? Na je, ana haki yoyote hali ya kuwa alikwisha kusamehe?

Ndugu msomaji, tuanze na lile la kwanza. Msingi wa mlango huu ni barua ambayo Mtume (S.A.W.) aliwaandikia watu wa Yemen na kumkabidhi Amru bin Hazm (R.A.). Imam Malik ametaja sehemu yake katika Muwatta, na An-Nasaai ameipokea kwa urefu. Ndani yake nafsi imewekewa ngamia 100, na viungo vimepangwa kimoja kimoja: pua, ulimi, macho, mguu, vidole, meno. Uti wa mgongo nao umetajwa, na umewekewa diya kamili. Shingo haikutajwa kwa jina.

Waliokuja baada yake ndio walioifikia shingo. Makhul amepokea kutoka kwa Zayd bin Thaabit (R.A.) kwamba katika swa'ar kuna diya kamili. Swa'ar ni mtu kupigwa mpaka uso wake ukabaki umeelekea upande mmoja. Asili ya neno hili ni ugonjwa unaompata ngamia shingoni ukaipinda, na ni neno lile lile ambalo Luqman alilitumia kumkataza mwanawe asiwageuzie watu shavu kwa kiburi. Ibn Qudama (aliyefariki 620 H) ameieleza mas'ala hii katika Al-Mughni na kusema kuwa hakujulikana Swahaba aliyempinga Zayd. Kisha akaongeza jambo ambalo ndilo hasa la msomaji wa Musoma: ikiwa aliyepigwa bado anageuka lakini kwa taabu, au anameza kwa taabu, basi hapo ni hukuma, kwa sababu manufaa hayakuondoka yote na kilichopungua hakina kipimo kilichowekwa. Imam Shafi tangu mwanzo aliona kuwa katika swa'ar ni hukuma tu.

Hukuma ni nini? Ni makadirio ya kadhi kwa jeraha lisilotajiwa kiwango. Wanachuoni walikadiria kwa kulinganisha: mtu huyu angekuwa na thamani gani akiwa mzima, na ana thamani gani akiwa na kasoro hii, kisha tofauti ile ikageuzwa kuwa sehemu ya diya. Mfano wao ulikuwa wa mtumwa sokoni, na kwa leo unachukiza kuusikia. Lakini swali lililomo ndani yake ni lile lile wanalouliza mahakimu wa leo: jeraha limempunguzia mtu huyu kiasi gani?

Katika Minhaj ya Imam Nawawi (aliyefariki 676 H), kitabu ambacho masheikh wetu wa Kishafi wamekisomesha vizazi na vizazi, jambo limekaribishwa zaidi. Kupotea nguvu ya kushika kwa mikono kuna diya, kupotea uwezo wa kutembea kuna diya, na kupungua kwa lolote katika hayo kuna hukuma. Basi mkulima wa Butiama ambaye mkono wake hauwezi tena kulishika jembe sawasawa kwa sababu ya diski iliyobana mshipa, yumo ndani ya maneno haya bila ya kuhitaji kiasi cha mbali.

Yuko mtu atakayesema: maumivu ya ndani kila mmoja anaweza kuyadai, na waongo ni wengi. Ni kweli, na hofu hii si ya leo. Imepokewa kwamba Ali bin Abi Talib (R.A.) aliletewa mtu aliyepigwa jichoni akadai kuwa nuru yake imepungua. Akaamuru jicho zima lifungwe, akampa mtu yai na kumwambia aende nalo mbali, huku mgonjwa akitazama mpaka asilione tena. Mahali pale pakatiwa alama. Kisha jicho bovu likafungwa na zima likafunguliwa, ikapimwa vivyo hivyo. Halafu, na hapa ndipo penye hekima yake, akageuzwa upande mwingine na kupimwa upya ili ijulikane kama vipimo vinalingana. Vilipolingana akapewa kwa kadiri ya upungufu. Umar (R.A.) naye alihukumu kwa mtu aliyerushiwa jiwe kichwani akapoteza usikivu, akili, usemi na nguvu za kiume: alimpa diya nne naye yu hai. Katika hayo manne hakuna hata moja linaloonekana kwa kumtazama mtu usoni. Ali hakuwa na MRI. Alikuwa na yai, na hakumwambia mtu yule aende zake kwa kuwa hana damu.

Sasa lile la pili, la kusamehe, ambalo ndilo gumu.

Ahmad na Ad-Daraqutni wamepokea kwa njia ya Amru bin Shuaib kwamba mtu mmoja alichomwa gotini kwa pembe, akamjia Mtume (S.A.W.) kutaka kisasi. Akaambiwa angoje mpaka apone. Akarudi tena akashikilia, akapewa. Baadaye akaja akilalamika kuwa amekuwa kilema. Mtume (S.A.W.) akamkumbusha kuwa alimkataza naye akaasi, basi kilema chake hakina malipo. Kisha akakataza jeraha lolote kulipiziwa kisasi kabla mwenyewe hajapona.

Kwa haraka mtu anaweza kuisoma hadithi hii dhidi ya abiria wetu: aliharakisha, basi amekosa. Mimi sioni hivyo. Yule wa pembe alionywa na aliyekuwa mjuzi kuliko watu wote, akakataa. Abiria wa Bunda hakuonywa na yeyote, bali aliyemharakisha ni yule anayedaiwa. Zaidi ya hayo, hukumu iliyobaki baada ya tukio lile ni katazo lenyewe, kwamba jeraha halihukumiwi kabla ya kupona. Ndiyo maana Mashafi wakasema hukuma haikadiriwi mpaka jeraha lifunge.

Na Nawawi ametaja mambo mawili ambayo maimamu wanaoitwa kushuhudia suluhu za barabarani wangefaa kuyarejea. Kwanza, kumwondolea mtu deni lisilojulikana ni batili katika kauli mpya ya Shafi, isipokuwa ngamia wa diya, kwani hao idadi na umri wao vinajulikana. Hukuma ya shingo ambayo bado haijaanza kuuma haina kinachojulikana. Pili, aliyesamehe jeraha, kisha likaenea hadi kiungo kingine, basi kwa kauli iliyo sahihi zaidi aliyejeruhi huidhamini diya ya kile kilichoenea. Mfano wao ulikuwa kidole kilichosamehewa kikauharibu mkono. Wetu ni shingo iliyosamehewa ikaudhoofisha mkono. Huenda mwenye elimu zaidi akaona tofauti baina ya mifano hii miwili, na mlango wa kurekebishana uko wazi.

Nani alipe? Kosa la kutokusudia halikuachwa juu ya dereva peke yake. Kwa Mashafi, ukoo wake wa kiumeni (aaqila), bila ya baba na watoto, hubeba kidogo na kikubwa, tajiri akitoa nusu dinari kwa mwaka na wa kati robo. Mahanbali waliuachia ukoo theluthi ya diya na kuzidi tu. Na Umar (R.A.), ngamia walipopanda bei, alipanga upya: dinari 1,000 kwa watu wa dhahabu, dirhamu 12,000 kwa watu wa fedha, kondoo 2,000 kwa wenye kondoo, na ng'ombe 200 kwa watu wa ng'ombe. Huko Mara, ambako koo za wafugaji zilizoea kuchangiana ng'ombe kumaliza ugomvi, hesabu hii haihitaji mfasiri.

Kwa nini basi hayo hayakutumika mahakamani kwetu? Waingereza waliileta sheria yao Tanganyika kwa tarehe 22 Julai 1920, na madai ya kuumizana yakafuata njia ya kwao. Minhaj ilitafsiriwa Kiingereza mwaka 1914, na mahakimu wa Afrika Mashariki waliifungua kwa ndoa na mirathi. Mlango wa jinai haukuwahusu. Mwaka 1945 ikaja sheria ya kumlazimu mwenye gari kuwa na bima ya mtu wa tatu. Baada ya uhuru, Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya 1963 ikaondoa mahakama za kadhi Bara. Ndugu zetu wa Oman waliendelea na diya, na mwaka 2008 amri ya Sultani ikaipandisha kufikia riyali 15,000.

Baraza la Fiqhi la Kimataifa la Kiislamu lilipokutana Brunei mwezi Juni 1993 lilipitisha kwamba ajali za barabarani zinaingia katika hukumu za jinai za Kisharia, nyingi zikiwa za makosa ya kutokusudia, na kwamba dereva hudhamini isipokuwa kwa tukio asiloweza kulizuia, au kosa la aliyeumia mwenyewe, au la mtu mwingine. Mwenye mnyama naye hudhamini akizembea. Wafugaji wanaovusha ng'ombe barabarani usiku wanahusika. Dubai, Aprili 2005, Baraza likaona kuwa pasipo na ukoo wa kubeba diya, bima ya Kiislamu au mifuko ya kusaidiana huweza kusimama badala yake.

Bima ya biashara Baraza hilo hilo lililiharamisha tangu 1985, na hapa waumini wengi hukwama. Lakini aliyevunjwa shingo hakukata bima. Anadai haki yake kwa aliyemuumiza, na kama huyo analipiwa na mwingine, dhambi ya mkataba ule si ya mdai. Achukue PF3 polisi, aende hospitali hata kama hasikii maumivu, atunze kila karatasi, na ajue kuwa sheria ya ukomo ya 1971 inampa miaka 3 kufungua madai ya namna hii.

Na imamu akiitwa Bunda au Makutano kushuhudia suluhu, basi karatasi iseme pesa ile ni ya matibabu ya siku ile tu, na yatakayojitokeza baadaye kwa ripoti ya daktari yatazungumzwa upya. Mistari miwili yatosha, na dereva mwadilifu hatakataa kuitia saini. Wallaahu a'alam.