Tangazo la Debian la Mei 2008

Tarehe 13 Mei 2008, watunzaji wa Debian, mfumo endeshi huria, walitoa tangazo la usalama lililokiri kosa lao wenyewe. Mwaka 2006, wakitaka kuondoa onyo la programu ya ukaguzi, walifuta mistari michache katika nakala yao ya OpenSSL. Tangu hapo, funguo za siri zilizotengenezwa humo zilitegemea karibu namba ya mchakato wa kompyuta pekee, ambayo kwa kawaida haikuzidi 32,768. Mshambuliaji aliweza kuzijaribu zote. Luciano Bello ndiye aliyegundua kasoro hiyo.

Wapo wanaosema tukio hili linaonyesha udhaifu wa programu huria: msimbo ulikuwa wazi kwa wote, lakini kosa lilidumu karibu miaka miwili. Nakubali kwamba uwazi wa msimbo pekee haukutosha. Hata hivyo, nikilisoma tangazo lile kama mwanafunzi wa historia, naona kuwa kurekebisha programu hakukuponya funguo zilizokwisha kutengenezwa. Zilibaki dhaifu popote zilipopelekwa, hata kwenye mifumo mingine. Ilibidi kila mwenye ufunguo aambiwe autupe, atengeneze mwingine. Kama watunzaji wangesahihisha kimyakimya, milango ingebaki wazi. Kwa hiyo, kukiri hadharani kulikuwa sehemu ya tiba yenyewe.