Kutoka Mezani hadi Kampuni ya Uchapishaji

Alasiri sokoni Kagio, malori ya nyanya na vitunguu yakishaondoka, ubao wa drafti hutolewa. Mara nyingi ni kipande cha katoni kilichopigwa mistari kwa kalamu, na kete zake ni vifuniko vya soda: za huyu zimelala kifudifudi, za yule zimetazama juu. Wanaocheza ni wawili. Wanaotazama ni kumi au zaidi, wapakiaji mizigo, makanga, vijana wa bodaboda wanaosubiri abiria wa Baricho na Kutus. Na hawanyamazi. Mmoja hutangaza kila hatua kama mtangazaji wa kandanda. Mwingine humcheka aliyeliwa kete tatu kwa mkupuo. Mzee atakumbusha jinsi fulani alivyofungwa juzi akiwa na kingi mbili.

Nimesimama katika duara hilo mara nyingi, na kila mara nimeondoka nikiwa nimewasikiliza watazamaji kuliko nilivyowatazama wachezaji. Ndiyo maana habari za Critical Role zilinigusa nilipoanza kuzifuatilia. Ni kundi la marafiki wa Los Angeles, Marekani, waliokaa mezani kucheza mbele ya watu, wakapata duara la watazamaji kubwa kuliko uwanja wowote wa mpira, kisha wakaanzisha kampuni yao wenyewe ya kuchapisha michezo.

Mchezo wenyewe ungeeleweka upesi na yeyote aliyekua akijibu “Itha!” kwa Kikuyu bibi yake alipoanzisha ngano jioni. Mtu mmoja ni msimulizi. Anaeleza ulimwengu, njia, milima, majitu na wafalme. Wengine kila mmoja amejitwalia mhusika: mchawi, mwizi, mganga, shujaa wa mkuki. Msimulizi anauliza, “Mmefika mtoni, daraja limevunjika. Mnafanyaje?” Kila mtu anajibu kwa kinywa cha mhusika wake, na jambo likiwa gumu dadu yenye pande 20 hutupwa kuamua kama limewezekana. Hakuna ajuaye mwisho wa hadithi, hata msimulizi.

Mchezo wa namna hiyo ulichapishwa kwanza mwaka wa 1974 kwa jina la Dungeons & Dragons, nao uliandikwa na Gary Gygax na Dave Arneson. Gygax aliishi mji mdogo wa Lake Geneva, jimbo la Wisconsin, na miaka hiyo alikuwa akishona viatu katika chumba cha chini cha nyumba yake ili watoto wale. Alipopeleka wazo lake kwa wachapishaji waliokuwepo, hakupata wa kulichukua. Kwa hiyo mwaka wa 1973 yeye na rafikiye Don Kaye walianzisha kampuni yao, TSR, na nakala 1,000 za kwanza zilipangwa ndani ya masanduku kwa mikono nyumbani. Mwaka haukwisha kabla hazijamalizika. Kaye hakuishi kuona mengi ya hayo, kwani alifariki mapema mwaka wa 1975. TSR ilikua, ikayumba, na mwaka wa 1997 ikanunuliwa na Wizards of the Coast, ambayo nayo miaka miwili baadaye ikawa mali ya Hasbro, kampuni kubwa ya vitu vya kuchezea.

Kwa hiyo wale marafiki wa Los Angeles walipokutana mwaka wa 2012 kucheza siku ya kuzaliwa ya mwenzao Liam O’Brien, walikuwa wanacheza mchezo wa wenyewe. Msimulizi alikuwa Matthew Mercer. Wote ni waigizaji wa sauti, watu ambao kazi yao ni kuingiza sauti katika katuni na michezo ya video. Walipoujaribu mara moja hawakuweza kuuacha. Ilikuwa burudani ya sebuleni, hadi mwigizaji Felicia Day alipopata habari zake kupitia Ashley Johnson, mmoja wao, akawaalika wauchezee mbele ya kamera katika kampuni aliyoshiriki kuianzisha, Geek & Sundry. Alhamisi, tarehe 12 Machi 2015, kipindi kilirushwa moja kwa moja kwa mara ya kwanza.

Kila sehemu ilichukua saa tatu, nne, hata tano. Watu wa televisheni wangesema hakuna atakayekaa muda huo wote kutazama watu wazima wakitupa dadu. Wapakiaji wa Kagio wangewaambia vingine. Hadithi ya kwanza ilikwenda sehemu 115, ikakoma Oktoba 2017, na watazamaji walikuwa wamejifunza kulia na kucheka pamoja na wahusika waliowajua zaidi kwa sauti.

Hapo ndipo suala la nani anachapisha nini lilipoanza kuwa na uzito. Ulimwengu aliobuni Mercer, na bara lake la Tal’Dorei, ulitolewa kama kitabu mwaka wa 2017 na mchapishaji mwingine, Green Ronin. Bara la pili, Wildemount, lilitolewa Machi 2020 na Wizards of the Coast wenyewe, wenye mchezo. Ni heshima kubwa. Hata hivyo, ukitazama kwa jicho la mfanyabiashara wa sokoni, ni mkulima aliyelima, akapalilia, akavuna, kisha mzigo wake ukapita mikononi mwa dalali. Anayelima nyanya karibu na Kagio hahitaji kuelezwa zaidi.

Katikati ya miaka hiyo walijifunza kitu kingine. Walikuwa tayari na kampuni yao, na mwanzoni mwa 2019 waliondoka Geek & Sundry wakasimama peke yao. Machi mwaka huo waliwaomba watazamaji wachange dola 750,000 ili watengeneze katuni fupi ya hadithi ile ya kwanza. Kiasi hicho kilipatikana ndani ya saa moja. Mchango ulipofungwa ulikuwa umepita dola milioni 11.3, kutoka kwa watu zaidi ya 88,000. Katuni fupi ikageuka mfululizo mzima, ulioanza kuonyeshwa na Amazon Januari 2022. Lakini kwangu mimi jambo kuu ni lile la awali: waligundua kwamba duara lililosimama kuwatazama lilikuwa tayari kulipa bila mtu wa katikati.

Oktoba 2020 wakatangaza Darrington Press, kampuni yao ya kuchapisha michezo ya mezani, chini ya usimamizi wa Ivan Van Norman. Jina lilitoka kwa Taryon Darrington, mhusika aliyechezwa na Sam Riegel. Mchezo wa kwanza, Uk’otoa, ulitoka mwaka uliofuata. Wachezaji ni mabaharia juu ya merikebu inayotafunwa kipande kwa kipande na joka la baharini, na kila mmoja anataka awe wa mwisho kubaki juu yake. Januari 2022 walikitoa upya kitabu cha Tal’Dorei, kikiwa kimeandikwa upya na kupanuliwa, safari hii chini ya jina lao wenyewe. Kati ya yote waliyochapisha, hicho ndicho ningependa kukishika mkononi, kwa sababu ni shamba lililorudi kwa mwenyewe.

Januari 2023 rasimu ya leseni mpya ya Dungeons & Dragons ilivuja. Ingewabana watu wote waliokuwa wakitengeneza vitabu na vipindi kwa kutumia kanuni za mchezo huo. Wachezaji walipiga kelele dunia nzima, na kabla ya mwezi kwisha Wizards of the Coast walirudi nyuma na kuziachia kanuni za msingi zitumiwe na yeyote. Aprili mwaka huohuo Darrington Press wakatangaza kwamba wana michezo ya kusimulia iliyo yao kabisa. Candela Obscura ulitoka 2023. Daggerheart, ulioongozwa na mbunifu Spenser Starke, ulitoka Mei 2025. Humo mchezaji hutupa dadu mbili za pande 12, moja ya Tumaini na moja ya Hofu, na ile iliyo juu huamua hadithi inaelekea wapi, hata kama umefaulu katika ulichokuwa unajaribu.

Wengi walidhani basi, hadithi kubwa inayofuata ya kundi hilo itachezwa kwa Daggerheart. Ilipoanza Oktoba 2025, msimulizi akiwa Brennan Lee Mulligan, ilichezwa kwa Dungeons & Dragons. Mashabiki kadhaa walikasirika. Mimi sikuona usaliti wowote, na sababu yangu iko karibu na Kagio, kule Karatina.

Mwandishi Gakaara wa Wanjaũ alizaliwa 1921, akaanza kuchapisha maandishi yake kwa Kikuyu katika miaka ya 1940. Mwaka wa 1952 alikamatwa, akakaa kizuizini miaka mingi, na hata huko aliandika shajara kwa siri. Baada ya kuachiliwa alijenga biashara yake ya uchapishaji, na Gakaara Press ikawa Karatina, katika mji wa soko kama wetu, mbali na ofisi za wachapishaji wa Nairobi. Alitoa jarida la Gĩkũyũ na Mũmbi na vijitabu vyembamba vya visa vya mhusika wake Wa-Nduũta, kwa lugha ambayo wakubwa wa vitabu hawakuiona kuwa na soko. Lakini shajara ile ya kizuizini ilipotoka mwaka wa 1983, ilitolewa na Heinemann, Nairobi. Mwaka uliofuata ilishinda Tuzo ya Noma, mojawapo ya tuzo kubwa za uchapishaji barani Afrika wakati huo.

Mtu aliyekuwa na mtambo wake aliamua kitabu kimoja kipite mlango mwingine, na mtambo haukufungwa kwa ajili hiyo. Wa-Nduũta aliendelea kutoka Karatina, kijitabu baada ya kijitabu.