Amri za mahakama kwa polisi wakati wa maandamano

KIFUNGU cha 37 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya kukusanyika na kuandamana kwa amani bila silaha, nacho cha 34 kinalinda uhuru wa vyombo vya habari. Mipaka ya polisi barabarani, hata hivyo, imechorwa zaidi na Mahakama Kuu.

Mwishoni mwa Juni 2024, siku chache baada ya waliopinga Mswada wa Fedha kuvamia Bunge, Jaji Mugure Thande aliwazuia polisi kutumia risasi, vitoa machozi na maji ya kuwasha dhidi ya wanaoandamana kwa amani. Julai, mwanahabari aliyekuwa kazini Nakuru alipigwa risasi za mpira mguuni.

Amri iliyogusa kiini cha tatizo ilitolewa Agosti. Jaji Bahati Mwamuye aliagiza maafisa wanaokabili waandamanaji wasifiche nyuso, na wenye sare wavae jina au nambari ya kazi inayoonekana. Afisa asiyejulikana ni vigumu kumshtaki kwa kukaidi mahakama, amri iwe kali vipi.

Maafisa waliofunika nyuso walionekana tena Juni 2025. Mchuuzi wa barakoa alipopigwa risasi kichwani jijini Nairobi mnamo Juni 17, video ilinasa tukio hilo, na maafisa wawili wakakamatwa. Siku nane baadaye, Mamlaka ya Mawasiliano (CA) iliamuru vituo vikome kupeperusha maandamano moja kwa moja. Mahakama Kuu ilisitisha agizo hilo.