Kabla Hujalipia "Mtaala wa Nyumbani", Soma Kwanza Historia ya Kilosa na Mikumi

Wadau, mmeshaona hizi posti za Insta? "Mtoto wako hashiki darasani? Pata mtaala kamili wa nyumbani, kadi za herufi, video, ratiba ya wiki 12, lipia kwa simu." Mzazi ana mtoto wa miaka saba ambaye mwalimu ameshamwita mzito mara tatu, usiku wa saa nne anaiona posti kama hiyo, anatuma hela. Baada ya wiki tatu makaratasi yako juu ya kabati na mtoto bado anachanganya b na d.

Sisemi wote ni matapeli. Ila swali la "nimtafutie mtoto mzito mtaala gani" sio jipya hata kidogo. Limeulizwa Bongo hii kwa zaidi ya miaka mia, na waliolijibu vizuri wengi hawana jina popote. Nawachukulia mfano wilaya ya Kilosa, kule Morogoro, kuanzia milima ya Wakaguru mpaka Mikumi pale malori yanapolala. Nimeichagua kwa sababu karibu kila jaribio la nchi hii kufundisha watoto kusoma limepita pale au limewagusa watu wa pale.

Kwanza tuwekane sawa na sheria. Kule Marekani mzazi anaweza kumtoa mtoto shule na akamfundisha sebuleni mpaka akue. Hapa Sheria ya Elimu ya 1978 inamtaka mzazi amwandikishe mtoto shule ya msingi na ahakikishe anahudhuria. Kwa hiyo kwa wengi wetu kufundisha nyumbani maana yake ni jioni, Jumamosi na likizo. Muda ni mdogo, na mtoto anakuja kwako amechoka. Hilo likae kichwani.

Sasa twende Mamboya. Leo ni kata tu ya Kilosa, wengi wenu hamjawahi kuisikia. Miaka ya mwanzo ya 1880 wamisionari wa CMS walikuwa na kituo pale, na mmoja wao, Joseph Last, alikaa akajifunza Kikaguru mpaka akatoa kitabu cha sarufi ya lugha hiyo mwaka 1886. Lengo lake lilikuwa dini, tusijidanganye. Ila angalia njia aliyopita: kabla ya kufundisha chochote alikwenda kujifunza lugha ambayo mtoto anaiongea na mama yake. Na hakuitunga sarufi ile peke yake gizani. Kuna watu walikaa naye siku nzima wakimwambia hili linatamkwa hivi, lile hatusemi hivyo. Kitabuni kuna jina moja, la Last. Ma-ticha wa kwanza wa sarufi ya Kikaguru ni watu wa Mamboya wasiojulikana.

Wajerumani walipokuja walihitaji makarani na askari wanaoelewana kutoka pwani mpaka ziwani, shule zao za serikali zikashika Kiswahili. Reli ya kati ikafika Kilosa 1909, yakaja mashamba ya mkonge na pamba ya Kimamba na Rudewa, na vibarua kutoka makabila kibao. Kiswahili kikashinda, na kiukweli kilitusaidia sana baadaye. Ila mpaka leo kuna mtoto Kilosa, wa Kikaguru, Kividunda au Kimasai, anaingia darasani siku ya kwanza anaambiwa asome maneno ambayo nyumbani kwao hayasemwi. Huyo hajawa mzito. Amepewa kazi mbili kwa mpigo, kusoma na kujifunza lugha, na mwalimu anahesabu moja tu.

Na nyie wa mjini msicheke, mna ya kwenu. Mtoto ana miaka mitatu anaimba ABC ya YouTube, "ei, bii, sii", nyumba nzima inapiga makofi. Akifika darasa la kwanza anaambiwa ile "ai" sasa ni "i", na ile "i" sasa ni "e". Anaandika kiti, anasoma keti. Mama anasema mtoto amerogwa.

Tusogee kwa Nyerere, maana hapa ndipo pananoga. Wakati wa uhuru watu wazima wengi hawakujua kusoma. Mwaka 1970 ukatangazwa kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, na kisomo kikaenea mpaka chini ya miembe. Kule Kanda ya Ziwa, kwenye mradi ulioendeshwa na UNESCO kuanzia 1968, waliandaa vitabu vya kusomea kufuatana na kazi ya mtu. Mkulima wa pamba alijifunza kusoma kwa maneno ya pamba. Mvuvi alipata cha uvuvi, wa migomba cha ndizi, mfugaji cha ng'ombe. Silabi ni zilezile, ila unaanza na neno ambalo mtu tayari amelishika mkononi. Kufikia 1986 takwimu za serikali zilisema wasiojua kusoma wamebaki karibu asilimia 10. Hata ukiitilia shaka namba, kazi ile ilikuwa kubwa.

Bibi yangu mzaa mama ni zao la kisomo, alikipata Kimamba akiwa na watoto wanne. Kitabu chake ndicho kilichokuwa kitabu pekee ndani, kwa hiyo wajomba zangu walijifunzia humohumo. Na bibi hakukifuata ukurasa kwa ukurasa. Palipokuwa na neno gumu aliliruka, akaandika kwa mkaa kwenye ukuta wa jiko "moto", "maji", "mama", "mkeka". Mtoto akishika manne, kesho yanaongezeka mawili. Akikwama, haliongezwi hata moja. Mwaka 1970 na kitu huyo, na hana cheti.

Halafu ikaja UPE. Azimio la Musoma la Novemba 1974 lilisema kufikia 1977 kila mtoto awe shuleni. Walimu wametoka wapi? Vijana waliomaliza darasa la saba, wakapewa mafunzo huku wanafundisha, mengine kwa posta na redio. Mtaani wakabandikwa jina "Ualimu Pasipo Elimu". Utani ule mimi siupendi. Weka kijana wa miaka 18 kijiji cha ndani huko Vidunda, watoto wamejaa mpaka mlangoni, vitabu vichache, halafu umcheke? Wengine wamelaumika mpaka leo kwa kosa la kupewa darasa kubwa. Kilichotokea ni kwamba watoto wepesi walienda na mwalimu, wa katikati wakajikokota, na wale wa nyuma wakafundishwa na dada zao nyumbani au hawakufundishwa kabisa.

Mwishoni mwa miaka ya 1990 wakaonekana maelfu waliobaki nje. Ukaja MEMKWA, Mpango wa Elimu ya Msingi kwa Waliokosa, ukajaribiwa kwanza wilaya tano: Kisarawe, Masasi, Musoma Vijijini, Ngara na Songea Vijijini. Wengi tunaukumbuka kama sehemu ya matani, "we wa MEMKWA nini". Ila kiufundi walifanya kitu ambacho shule ya kawaida iliogopa: walikata masomo. Mtoto aliyechelewa alipewa machache ya lazima kwa miaka mitatu kisha akaunganishwa na wenzake. Hawakumpa kila kitu alichokosa.

Shule ya kawaida wakati huo ilikuwa inakwenda upande wa pili. Ada ilifutwa 2001, na idadi ya wanafunzi wa msingi ikapanda kutoka kama milioni 4.4 mwaka 2000 hadi milioni 7.5 mwaka 2005. Hao wadogo wa darasa la kwanza wakapewa rundo: Kiswahili, Kiingereza, Hisabati, Sayansi, Haiba na Michezo, Stadi za Kazi, na mpaka Tehama kwenye makaratasi. Tehama! Darasa halina hata tundu la umeme.

Majibu yalikuja kuanzia 2010, pale Uwezo walipoanza kupima watoto. Hawa hawakwenda kupimia shuleni, walibisha hodi majumbani. Mtoto anakaa kwenye mkeka, anapewa silabi, akiweza anapewa maneno, kisha aya, kisha hadithi fupi ya kiwango cha darasa la pili. Kwa darasa la tatu, watoto kama watatu tu kati ya kumi waliweza kuisoma ile hadithi. Na mwaka 2012 nchi ikasikia kuna zaidi ya wanafunzi 5,000 waliochaguliwa kuingia kidato cha kwanza ambao hawajui kusoma na kuandika. Watu walikasirika wiki mbili, tukarudi kwenye mambo yetu.

Ila serikali safari hii ilisikia. Mwaka 2015 mtaala wa darasa la kwanza na la pili ukafumuliwa. Asilimia kama 80 ya muda ikapewa KKK, yaani Kusoma, Kuandika na Kuhesabu. Kiingereza kikasogezwa darasa la tatu. Watoto wakaanza kufundishwa sauti za herufi kwanza, baadaye silabi, sio tena kukariri ba-be-bi-bo-bu kama wimbo wa kwaya. Mwaka 2016 mradi wa Tusome Pamoja ukaingia mikoa michache, Morogoro ikiwemo. Mwaka huohuo wa 2015 Mikumi walimchagua Profesa Jay kuwa mbunge, na nadhani wote tunakumbuka hiyo zaidi kuliko mabadiliko ya mtaala. Mimi pia. Ila kwa mtoto mzito, kile kitendo cha kufuta masomo kilikuwa ndiyo habari kubwa ya mwaka.

Sasa tuone inavyokuwa nyumbani. Mikumi barabarani kuna mama lishe mmoja, sitamtaja. Kijana wake alimaliza darasa la pili bila kusoma jina lake. Mama akaagiza vitabu vya mazoezi kutoka Dar, vya bei, vya Kiingereza, vina picha za theluji na mtu mweupe wa barafu mwenye karoti puani. Dogo akauliza ile ni ugali? Mama akacheka, akaviweka pembeni. Alichokuwa nacho ni malori. Yanasimama pale usiku na mchana, ya Tunduma, ya Zambia, ya Kongo, na kila moja lina namba nyuma na maneno ubavuni. Akaanza kumpa kazi: leo tafuta herufi M, ukiipata njoo uniambie. Kesho mbili. Kuhesabu wakatumia vizibo vya soda na chenji ya chapati, kwamba mteja katoa elfu mbili, kala chapati mbili za mia tano, mrudishie ngapi? Dakika kumi na tano, kisha aende kucheza. Miezi minne hakumfundisha kitu kingine chochote. Sayansi hakuna, Kiingereza hakuna.

Dogo sasa anasoma. Taratibu, bado anakwama kwenye nywa na ng'o na chwa, hizi silabi zinazowasumbua hata watoto wepesi. Lakini maneno ya ubavuni mwa lori anamaliza kabla halijaondoka.

Kumbe mama yule hajawahi kusikia habari ya Uwezo wala kitabu cha pamba cha Mwanza, ila amefanya yaleyale. Alipima mtoto anaishia wapi, akashuka mpaka pale, akatupa vingine vyote. Hizi posti za kuuza mitaala zinakwenda kinyume. Zinakuahidi zaidi: masomo tisa, kurasa mia tatu. Mtoto aliyezidiwa na mzigo unamwongezea gunia. Kwa hiyo kama lazima ununue, uliza swali moja tu: naweza kuanzia katikati na kuruka? Muuzaji akisema lazima ufuate wiki ya kwanza mpaka ya kumi na mbili, hamna kitu hapo.

Na kabla ya mtaala wowote, mpeleke apimwe macho na masikio. Nimeona mtoto ametukanwa kilaza mwaka mzima kumbe ubao hauoni. Viboko navyo viacheni, hakuna silabi iliyowahi kuingia kwa kupitia makalio.

Machi 2020 shule zilipofungwa kwa Korona, mpaka Juni 29, nchi nzima ilifanya kwa lazima kile ambacho hawa wasio na majina walikuwa wanafanya kila siku. Vipindi vilikuwa redioni na kwenye TV, ila aliyekaa na mtoto kwenye mkeka kwa wengi wetu alikuwa dada wa kazi. Wengi wao wametoka huko mikoani, wengine waliishia la saba, na ndio waliosimamia darasa la kwanza la watoto wa Mbezi na Tabata. Mshahara haukupanda.

Kama una bibi, shangazi, kaka au dada wa kazi aliyekufungua macho ukajua kusoma, iwe Kimamba, Rudewa, Ruaha au Ulaya (ndiyo, Kilosa kuna kata inaitwa Ulaya, msiombe viza), shuka hapo kwenye komenti utuambie alitumia nini: chaki, mkaa, au kijiti kwenye vumbi.