Magu: Mvua ya alasiri nchi kavu, dhoruba ya usiku ziwani

Saa tisa alasiri ngurumo inasikika upande wa mashariki, mvua inapiga nusu saa, kisha jua linatoka. Kwa muuza nyanya wa Magu mjini hadithi imeishia hapo. Kwa anayejiandaa kwenda kuvua dagaa, ndiyo kwanza inaanza.

Wilaya ya Magu iko kusini mwa Ghuba ya Speke, na hali ya hewa yake inaendeshwa kwa sehemu kubwa na Ziwa Victoria. Mchana ardhi hupata joto haraka kuliko maji. Upepo hutoka ziwani kuja nchi kavu, na mawingu hujengeka huku kwetu. Usiku mambo yanageuka: ardhi inapoa, ziwa linabaki na joto lake, na upepo wa pande zote unaelekea ziwani. Ukikutana huko, hewa yenye unyevu inasukumwa juu na mvua ya radi inaanza, mara nyingi usiku wa manane hadi asubuhi.

Tatizo ni kwamba dagaa huvuliwa usiku, tena usiku wa giza ambao taa zinawavuta vizuri. Yaani wavuvi wako katikati ya maji saa ileile ambayo ziwa ni hatari zaidi. Makadirio yaliyotajwa kwa miaka mingi ni kwamba watu 3,000 hadi 5,000 hufa kila mwaka katika Ziwa Victoria, kwa nchi zote tatu.

Utafiti ulioongozwa na Wim Thiery wa Ubelgiji, uliochapishwa mwaka 2016, ulitumia picha za satelaiti na kuonyesha kwamba dhoruba kali za usiku ziwani mara nyingi hutanguliwa na mvua kubwa za radi nchi kavu mchana wake. Kwa hiyo lile wingu la saa tisa si la kupuuzwa. Halithibitishi kitu, ila ni sababu tosha ya kuangalia utabiri kabla ya kusukuma mtumbwi.

Na hapo ndipo wengi wanapokosea. Utabiri wa Mkoa wa Mwanza si utabiri wa Ziwa Victoria. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) hutoa taarifa ya ziwa peke yake, yenye upepo na mawimbi. Asiyekwenda ziwani anaweza kuishia kwenye ule wa mkoa, mvuvi hawezi.

Maneno nayo yana maana yake. "Mvua na ngurumo katika maeneo machache" haimaanishi mvua ndogo. Maana yake ni kwamba itapiga sehemu chache, na hapo itakapopiga inaweza kuwa kali. Kisesa ikikauka huku Kahangara wakilowa, TMA hawajadanganya mtu. Rangi pia zina mpangilio: njano ni angalizo, chungwa ni tahadhari, nyekundu ni tahadhari kubwa.

Kiangazi, Juni hadi Agosti, mvua karibu hakuna na watu hulegea. Lakini upepo wa kusini-mashariki huvuma kutoka nchi kavu kwenda ziwani. Mwaloni maji yanaonekana kimya kwa sababu mawimbi hayajapata nafasi ya kukua. Ukienda mbali yanakusubiri, na kurudi ni kupiga kasia dhidi ya upepo.

Vuli ikianza, kuanzia Oktoba, radi zinarudi hata kwa wachunga ng'ombe na wakulima wa mpunga. Ukisikia ngurumo, radi tayari iko karibu kiasi cha kukufikia. Ondoka uwanjani, usijifiche chini ya mwembe, ingia ndani ya nyumba au gari lililofungwa. Kwa aliye majini, boya linavaliwa kabla ya kuondoka. Upepo ukishaanza, mikono yote inahitajika kwenye kasia na kuchota maji.