Mti wa Udzungwa na Suala la Mwenye Msitu

Katika madarasa ya siasa tumezoea kuuliza swali moja kila tunapozungumzia ardhi: ni nani anayeimiliki, na ni nani anayefaidi jasho linalomwagika juu yake? Swali hilo hilo tunaliuliza hapa juu ya mti mmoja wa milima ya Udzungwa. Wako watakaoshangaa kuona mti umeingia katika ukumbi wa siasa. Lakini mti huu, kama tutakavyoonyesha, hauhifadhiwi na sayansi peke yake. Kubaki kwake au kutoweka kwake kunategemea uhusiano uliopo baina ya wakulima na msitu wao, na uhusiano huo una historia.

Mwaka 2019, katika misitu ya hifadhi ya vijiji ya Boma la Mzinga na Uluti, upande wa milima unaolitazama Bonde la Kilombero, wataalamu wa mimea Aloyce Mwakisoma, Ruben Mwakisoma na Andrea Bianchi walikuta mti ambao haukulingana na jina lolote lililokwisha andikwa. Mwaka 2025 ulitangazwa rasmi kwa jina la Tessmannia princeps. Ni wa jamii ya mikunde, yaani ni ndugu wa mbali wa maharage tunayoyala kila siku, ila ndugu huyu anapanda hadi mita 40 hivi. Miti iliyokomaa iliyopatikana ni kama 100 tu. Kwa kukadiria kutokana na pete za shina, wataalamu wanaona kwamba baadhi yake huenda imeishi miaka 2,000 hata 3,000. Basi imekuwapo kabla ya Waarabu, Wareno, Wajerumani na Waingereza kuikanyaga nchi hii, na imewaona wote wakija na kuondoka.

Ndugu msomaji uliyeko Soweto, mjini Mbeya, usidhani habari hii iko mbali nawe. Reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975, inatoka Mbeya, inapita Makambako, inateremka Mlimba na kufuata bonde chini ya milima hiyo hiyo. Wengi wetu tumepita hapo tukiwa tumelala.

Tuanze na mkoloni. Ngome ya Mkwawa pale Kalenga ilianguka mwaka 1894. Mwaka uliofuata, yaani 1895, serikali ya Kaizari ilitoa amri kwamba ardhi yote isiyo na mwenyewe anayetambuliwa na wakubwa wake ni mali ya dola ya Ujerumani. Tuzingatie mpangilio huo: kwanza bunduki, halafu karatasi. Mkwawa mwenyewe aliendelea kupigana akijificha porini na milimani hadi alipofariki mwaka 1898, na msitu ulimficha kwa sababu watu wake waliujua. Mwaka 1904 ikaja sheria ya misitu, na Waingereza nao, walipokabidhiwa nchi baada ya vita, wakaweka yao mwaka 1921. Katika tawala zote mbili mkulima aliyekuwa akichuma dawa, akikata mti wa kujengea na kutambika katika msitu wa babu zake aligeuzwa kuwa mvamizi. Msitu ukawa "wa serikali". Na kitu kilichonyang'anywa, aliyenyang'anywa haoni sababu ya kukilinda. Huko ndiko ilikoanzia tabia ya kukata usiku.

Uhuru haukuubadilisha uhusiano huo kwa siku moja. Sheria ya vijiji ya mwaka 1975 iliwapa wakulima chombo, yaani serikali ya kijiji, lakini msitu ulibaki kwa muda mrefu mikononi mwa idara. Hatua ya kwanza ilionekana Babati, katika misitu ya Duru-Haitemba, ambako katikati ya miaka ya 1990 vijiji vilikabidhiwa ulinzi wa msitu wenyewe. Baadaye zikaja Sera ya Misitu ya mwaka 1998, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 na Sheria ya Misitu ya mwaka 2002, ambazo ziliruhusu kijiji kutenga msitu wake na kuutungia sheria ndogo. Si jambo dogo, basi, kwamba mti tunaouzungumzia ulionekana katika misitu ya namna hiyo, yaani ya vijiji, wala si ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa iliyotangazwa mwaka 1992.

Sasa tuje kwenye ushindani. Wako wanaosema kwamba mimea dhaifu hushindwa na yenye nguvu, na kwamba ndiyo kanuni ya maumbile. Hoja hiyo tumeisikia pia ikitumiwa kuhalalisha unyonyaji wa binadamu, na ni ya uongo kotekote. Msitu mnene una kivuli. Chini ya kivuli hicho miche ya miti ya polepole husubiri zamu yake miaka mingi. Shoka au moto ukitoboa paa la msitu, jua linamwagika ndani, na kinachowahi si miche hiyo bali mimea itambaayo, ambayo huirukia, huikunja na kuifunika. Katika msitu wa Magombera, bondeni Kilombero, watafiti waliikata mimea itambaayo katika sehemu walizozipima, na miti ikakua upesi kuliko katika sehemu zilizoachwa. Kamba hizo za msituni hazikuanzisha vita. Zilifunguliwa mlango, na aliyeufungua ni mtu mwenye haja zake za kiuchumi.

Kwa hiyo hatuungi mkono wale wanaoilaumu misindano ya Sao Hill kwa kila kitu. Shamba lile la Mufindi, ambalo majaribio yake yalianza mwaka 1939, linatoa mbao na nguzo ambazo zingetafutwa katika misitu ya asili. Msindano huvunwa ndani ya umri wa mtu mmoja. Mti wa Udzungwa haumsubiri mtu wala mtu hawezi kuusubiri. Kosa ni kuvihesabu viwili hivyo katika daftari moja na kuviita vyote "eneo lenye miti".

Linabaki suala gumu, nalo makada tusilikwepe. Kijiji kinapotenga msitu kinajinyima mashamba mapya, kuni na mbao. Sifa za mti adimu zinakwenda kwenye majarida ya kisayansi, maji yanayotoka milimani yanateremka bondeni kunywesha mashamba ya wengine, na gharama inabaki kwa mwanakijiji. Uamuzi wa kuendelea au kuacha uko katika mkutano mkuu wa kijiji, ambako kura ya mwenye njaa ni sawa na kura ya mwenye shibe. Mjumbe wa kamati ya maliasili anayetoka alfajiri kwenda doria anapanda mlima kwa miguu, na siku hiyo jembe lake linalala nyumbani.